Chokaa kwenye Bampa la Nyuma

Mwanangu Mwanasiti,

Assalaam aleikum. Najua ni kichekesho mtu kumwandikia barua mtoto aliye chumba cha pili. Nakusikia hapa nilipo, mnabishana na mama yako juu ya chupa ya achari. Yeye anataka uitie ndani ya sanduku la nguo, wewe unasema itamwagika na utafika Nakuru unanuka embe. Mimi nimemaliza kuswali alasiri, nimekaa barazani na daftari lako la zamani la hesabu, maana ndilo nililolikuta na kurasa tupu nyingi kuliko yote. Silaumu. Hesabu ilinitoa hata mimi shuleni nikiwa darasa la sita, na tangu hapo hatujasalimiana.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia uswali kwa wakati, wala upige simu ukifika, wala usile njiani chakula usichokijua. Hayo mama yako anayasema tangu juzi, na anayasema vizuri. Mimi nina jambo langu moja tu, nalo ni habari ya bampa la nyuma.

Usicheke bado. Kwanza kumbuka unaandikiwa na nani. Baba yako amewapakia Wajerumani, Wataliano, Waswisi, na bwana mmoja aliyesema ni mwana wa mfalme, nami nikamwamini kwa sababu alilala kuanzia uwanja wa ndege mpaka Diani bila kuuliza bei ya kitu. Naweza kumkaribisha mgeni kwa lugha saba na kumuaga kwa tisa. Hawakuniita Balozi pale stendi kwa kunionea huruma. Na katika miaka yote hiyo nimejua jambo moja ambalo shule ya udereva haikukufundisha: ukitaka kumjua dereva, usiende mbele ya gari lake. Mbele kila mtu anapaosha, kila mtu anapaangalia. Nenda nyuma, uiname, usome bampa. Pale utaona haraka zake, usingizi wake na majivuno yake.

Sasa wewe unakwenda kuendesha gari la wageni la kampuni ya safari, gari refu kuliko letu mara moja na nusu. Basi sikiliza. Adui wa kwanza wa bampa ni begi. Mgeni hangoji. Ukisimamisha tu, anakimbilia nyuma, anavuta begi lake kwa nguvu zote za likizo, na vile vyuma vya magurudumu vinapita juu ya ukingo wa bampa kama makucha ya paka. Shuka kabla yake. Fungua buti wewe. Mkono mmoja ushike begi, wa pili uwe kati ya begi na rangi. Ngozi ya mkono huota tena. Adui wa pili ni makalio. Mgeni akitoka ufuoni hukalia bampa apanguse miguu, na suruali yake imejaa mchanga. Usimkataze, mpe kigoda. Na ukikuta mchanga au vumbi, usifute pakavu hata kama una haraka. Mwagia maji kwanza, yateremke yenyewe, ndipo ufute. Huko Nakuru hakuna mchanga wa bahari, lakini vumbi ni ndugu yake wa damu.

Mama yako amepita hapa sasa hivi, amesoma juu ya bega langu. Amesema, "Ukurasa mzima na hujafika." Nimemwambia gari huwashwa kwanza likapata joto. Amesema, "Wewe umepata joto miaka mitatu."

Haya. Naingia.

Unaujua ule mpira mweusi uliobandikwa kwenye bampa letu la nyuma, upande wa kushoto, niliokata kutoka tyubu ya lori. Unajua kila mtu anausifu. Kuanzia Ukunda mpaka Msambweni madereva wa wageni wameuiga, na siku hizi gari la wageni lisilo na mpira ule linaonekana kama limetoka bila kuvaa. Niliwaambia ni utaalamu niliofundishwa na fundi wa Kijerumani. Nilimpa hata jina na mji. Mwanangu, hakuna Mjerumani. Mpira ule haukuwekwa kukinga kitu kisikwaruzike. Uliwekwa kufunika mkwaruzo uliokuwapo, na huo mkwaruzo, ambao miaka mitatu hii yote umeubeba wewe, ulikuwa wangu.

Ngoja. Usije hapa barazani sasa. Naomba ruhusa niandike mpaka mwisho.

Ilikuwa Ijumaa, kabla ya swala. Nilikuwa nimeshusha wageni wawili kwenye nyumba moja ya kupanga kule Diani, ile yenye nguzo mbili za mawe ya matumbawe langoni, zimepakwa chokaa nyeupe mpaka zinaumiza macho. Njia yenyewe nyembamba, na kutoka ni kwa kurudi rivasi tu. Askari wa pale, mtu wa makamo kutoka Kinango, muungwana kabisa, aliniambia, "Balozi, ngoja niweke mabegi ndani, nije nikurudishe."

Nikamwambia, "Mimi nitarudishwa na mtu siku nitakapowekwa kwenye jeneza."

Akacheka, "Haya, Balozi," akachukua mabegi, akaingia. Nami nikarudi kwa mkono mmoja, huku nawapungia wageni dirishani kwa mkono wa pili, nawaaga kwa Kitaliano. Nilikuwa katikati ya neno la kuaga nilipoisikia. Si sauti kubwa. Ni kama mtu anayekuna nazi pole pole. Nikashuka. Mstari mweupe wa chokaa, na chini ya chokaa rangi imetoka, urefu wake kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya kidole. Hakuna aliyeniona. Askari alikuwa ndani, wageni walikuwa wanashangaa bwawa lao la kuogelea.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kumwendea fundi wa rangi, basi. Lakini wewe unaijua desturi ya stendi yetu. Dereva akilikwaruza gari lake mwenyewe hupewa jina la kile alichokigonga, na jina hilo haliondolewi. Salimu aligusa mnazi mara moja tu, tena mvua ikinyesha, na mpaka leo ni Bwana Mnazi. Hata mkewe akimtafuta kwa simu humuulizia kwa jina hilo. Kuna Bwana Tangi, kuna Bwana Kibanda, na yule aliyerudi nyuma akagusa gari la maiti hatumwiti chochote mbele ya watu kwa adabu. Na majina yale nani aliyatoa? Mimi. Karibu yote. Nilikuwa nayatoa nimesimama juu ya kreti ya soda kama mtu anayefunga ndoa. Na juzi yake tu nilikuwa nimewaambia wote kwamba miaka ishirini na kitu barabarani, gari langu halijui ukuta unafananaje.

Basi nikaenda msikitini na mkwaruzo wangu. Nikaegesha gari matako ukutani lisionekane. Nikaswali, na sikumbuki khutba ilikuwa juu ya nini. Labda ilikuwa juu yangu.

Nilikusudia nifike nyumbani niifute chokaa kwanza, nifikirie baadaye. Lakini nilipofika ulikuwa umesimama mlangoni, umeshavaa viatu. Leseni yako ilikuwa na wiki mbili, bado unaitoa mkobani kuiangalia picha. Nilikuwa nimekuahidi twende ule uwanja wa madrasa ukazoee rivasi na gari letu. Ukasema, "Baba, umechelewa," ukaingia mbele, ukashika usukani, na hukupita nyuma ya gari. Mimi pia sikupita. Nikaingia kiti cha abiria na nikanyamaza, na mtu anayenijua angelijua hapo hapo kuna kitu.

Ukaendesha vizuri. Nataka ulijue hili kwa maandishi, ulitunze. Ulirudi kuelekea ule ukuta mweupe wa madrasa taratibu, umegeuza shingo, mguu uko tayari kwenye breki, ukasimama. Mimi nilitazama kwenye kioo. Kati ya bampa na ukuta palibaki nafasi ya mwanamke kupita na kapu la nazi kichwani na lingine ubavuni. Hukugusa kitu, Siti. Hukukaribia kugusa.

Ukalisogeza gari mbele tena, ukashuka kwenda kuliangalia nyuma. Kisha, "Baba."

"Nini?"

"Nimeugusa ukuta."

Nikashuka. Ulikuwa umeinama, kidole chako kina chokaa. Ulinitazama kwa yale macho uliyokuwa nayo ulipovunja birika la bibi yako ukiwa mdogo. Naapa nilifungua mdomo kukuambia. Lakini mlango wa uwanja ule uko wazi kwa barabara, na saa ile ile Salimu na wenzake wawili walikuwa wanapita kwa miguu, wameshiba pilau la watu. Salimu aliona chokaa, akaona ukuta, akakuona wewe, akapiga hesabu ya haraka kama mtu aliyesoma kuliko mimi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Balozi hakupata jina, akamzaa mwenye jina. Karibu stendi, Bi Ukuta."

Wakacheka. Na mimi mdomo ulikuwa tayari wazi, kwa hivyo ilibidi litoke neno. Likatoka hili: "Mwacheni mtoto. Anajifunza. Gari ni bati tu, mtoto ni roho."

Hebu fikiria. Wakaacha kucheka. Salimu mwenyewe akanishika bega, akasema, "Kumbe Balozi una moyo mkubwa hivi na unauficha." Jambo likafika nyumbani kabla yetu. Mama yako alinipikia samaki wa kupaka siku ile, siku ambayo haikuwa ya samaki. Bibi yako akapata habari huko Mkongani, akaniombea dua ndefu kwenye simu. Na wewe ulinijia ukumbini, ukanishika mkono ukaubusu, ukasema, "Nisamehe, baba."

Nikasema, "Nimekusamehe."

Mwanangu, mimi nimesema uongo mwingi maishani. Mgeni akiniuliza kisiwa kile kinaitwaje na sijui, nampa jina na historia yake. Uongo huo haujamuumiza mtu, na wengine waliuandika kwenye vitabu vyao vya safari. Lakini huu wa kukusamehe kosa langu ndio uongo pekee nilioshukuriwa. Na nilipoanza kushukuriwa, kila siku iliyopita ilizidi kunifungia mlango. Kesho yake asubuhi nilikata tyubu, nikanunua gundi, nikambuni Mjerumani.

Sikudhani itakuwa kitu. Hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa. Nilisema mkwaruzo kwa kijana ni wiki moja ya aibu, atasahau. Nilikuita tena uwanjani ukasema kichwa kinauma. Wiki ya pili ukasema umeahidi kumsaidia mama yako. Mwezi wa pili ukapata kazi duka la mapazia pale Kona ya Musa, na leseni ukaitia ndani ya bahasha, bahasha ukaitia chini ya kanga za mama yako. Salimu alikuwa akipita dukani, "Hujambo, Bi Ukuta?" Nawe unajibu, "Shikamoo, Bwana Mnazi," na duka zima linacheka. Nami nikijiambia, anacheka huyo, hana neno. Kumbe wewe umerithi kwangu. Unajua kucheka mbele ya watu.

Miaka miwili ulipima mapazia ya watu. Sisemi ni kazi mbaya. Nasema haikuwa yako. Tangu una miaka mitano ulikuwa unakaa mapajani mwangu unashika usukani, unaita kila gari kwa jina lake.

Kisha likaja hili jicho langu. Unakumbuka mwaka jana nilipotolewa mtoto wa jicho hospitali ya Msambweni, nikarudi nimefungwa kitambaa kama mwizi wa baharini. Daktari akasema nisiendeshe. Wageni wangu walikuwa wameshaahidiwa. Ukaenda ukatoa bahasha chini ya kanga, ukasema, "Nitaendesha mimi, baba. Wewe kaa uwaongeleshe." Nikakaa kando yako na jicho moja, na jicho moja lilitosha.

Siku ya kwanza ulipita kituo tulichokuwa tunakwenda, ukaenda mbele mpaka mzunguko, ukarudi. Nikakuuliza mbona hukuingia pale ukageuza. Ukasema, "Huku kuna upepo mzuri, baba." Siku ya pili upepo tena. Siku ya tatu nikaanza kuona. Ulikuwa huendi popote ambapo kutoka kwake ni kwa kurudi nyuma. Ulikuwa unaegesha gari pua kwenye njia kama mtu anayetaka kukimbia. Ulikuwa dereva mzuri wa upande mmoja. Mbele tu.

Halafu ile siku ya mvua. Wale wazee wawili wa Kiswisi, na nyumba yenyewe iko mwisho wa kichochoro. Ulisimama barabarani. Ukaniambia, "Njia imejaa maji, baba, tutakwama." Haikuwa imejaa maji. Ukashuka, ukachukua mabegi yao yote mawili, ukayabeba kwenye tope mita mia na zaidi, buibui limekugandia, na yule mama wa Kiswisi akaniuliza mimi niliyekaa pakavu, "Why doesn't she drive in?" yaani, mbona haingii na gari? Mimi wa lugha saba. Sikuwa na jibu hata kwa moja.

Hapo ndipo nilipojua nilichokwaruza.

Nikwambie nilifanya nini? Nilifanya nusu. Sikusema ukweli, nikakufundisha upya. Kila asubuhi baada ya alfajiri, mwezi na zaidi, tulikuwa uwanjani, mimi nyuma nakuita, "Lete, lete, lete, kata kushoto, lete." Nilipanga vibuyu, nikapanga madebe, nikapanga viatu vya mama yako mpaka akavifungia kabatini. Nilijiambia nalipa. Na ukaiva, mwanangu. Juzi huko kwenye majaribio ya kazi, walipokuambia urudishe lile gari refu kati ya mawe mawili, uliponisimulia kwamba wanaume wawili waligusa na wewe hukugusa, nilitoka nje nikajifanya nakohoa. Watu wa stendi niliwaambia walikuwa wanaume wanane. Mama yako amenilazimisha niandike hapa kwamba walikuwa wawili.

Ningeishia hapo. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Unakwenda zako, umepata kazi, mkwaruzo uko chini ya mpira, kila mtu ana furaha. Lakini jana mchana ulikuwa unakunja nguo na mama yako, mlango uko wazi, nami nilikuwa napita na kikombe. Nikakusikia unamwambia, "Shida ni kwamba, mama, huko nikikwaruza gari la watu hakuna baba wa kunisamehe."

Kikombe kilinishinda. Kile kishindo ulichouliza, nikasema ni paka, kilikuwa kikombe.

Kwa sababu nilielewa unasafiri na nini. Si sweta wala achari. Unasafiri na habari kwamba wewe ni mtu aliyegusa ukuta mara yake ya kwanza, na kwamba siku moja utaugusa tena, na safari hii atakuwapo bosi, si baba. Na kila utakaporudi nyuma huko, hata ukiwa unarudi vizuri, utakuwa unaungoja ule ukuta. Ukuta ambao haukuwahi kuwapo. Niliujenga mimi nyuma yako, kisha nikajisifu kwa kukuvumilia ulipougonga.

Basi leo asubuhi nilikwenda stendi kabla ya watu kutawanyika. Nikapanda ile kreti ya soda. Salimu akasema, "Leo nani?" Nikasema, "Leo mimi." Nikachukua kisu, nikabandua mpira mbele yao.

Mwanangu, hata kwa ufundi nilikuwa nimekosea. Mpira ule haukuwahi kukinga kitu. Mchanga na maji ya chumvi viliingia chini yake, na kila gari lilipotikisika mchanga ukasugua. Mkwaruzo niliouacha mwembamba kama uzi nimeukuta mpana kama kiganja, na kutu imeanza kula skrubu za pembeni. Kwa hivyo nakuomba sana, hata ukisikia huko Nakuru dereva anausifu mpira wa Mjerumani, usiubandike. Na mwambie Mjerumani alikuwa Mdigo, tena ni baba yako.

Nikawaeleza yote. Nguzo, askari, Kitaliano, uwanja wa madrasa. Nilipofika kwenye "nimekusamehe" hakuna aliyecheka. Salimu akasogea mpaka mbele ya kreti.

"Kwa hivyo mtoto tulimwita Bi Ukuta miaka mitatu, na ukuta haukuguswa."

"Haukuguswa."

"Na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Nilikuwa nimesimama hapo hapo."

Akasema, "Shuka kwenye kreti." Nikashuka. Akapanda yeye. Akasema Bi Ukuta amefutwa kuanzia leo na atakayelitamka jina hilo atalipata yeye, na kwamba kuanzia leo mimi si Balozi, mimi ni Bwana Nguzo. Wakasema amina. Kisha akaenda kwenye gari lake, akabandua mpira wake aone kama na yeye mchanga umeingia, na tukaona chini yake mikwaruzo miwili ambayo haina uhusiano wowote na mchanga, wala na mnazi. Tukatazamana. Wengine watatu tukawaambia nao wabandue, wakasema wana haraka, wana wageni wanawangoja.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Gari nililiacha pale waliangalie washibe, nikalifuata baadaye. Nataka nikuambie ukweli wa mwili wangu: nilijisikia mwepesi. Nilidhani nitaona aibu, na aibu niliiona, lakini ilikuwa kama kuvua kiatu kilichobana. Watu wananiita Bwana Nguzo kutoka ng'ambo ya barabara nami naitika, na shingo yangu haiumi. Mchana nilikula sahani mbili. Sikuwa nimejua kwamba miaka mitatu nilikuwa nakula moja.

Mama yako nilimwambia baada ya chakula. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akalia kidogo kwa ajili yako, kisha akanikumbusha samaki wa kupaka. Nilisema nitakuita nikuambie. Akasema, "Usimwambie kwa mdomo. Ukisema kwa mdomo utaongeza chumvi, na ukifika mwisho wewe ndiye utakuwa shujaa na mtoto atakuombea msamaha tena. Kaa uandike. Nami nitapita nisome." Ndiyo maana ya barua hii. Amepita mara nne. Amefuta mistari sita. Ilikuwa mizuri sana, hasa mmoja wenye Kitaliano.

Basi nisamehe, Mwanasiti. Sikuandikii ili unisamehe leo. Ule msamaha wa kutolewa haraka mbele ya watu nimeutoa mimi na unaujua ulivyo. Chukua muda. Hata ukifika Nakuru ukakaa mwaka unanikasirikia, kasirika, lakini kasirika ukiwa unarudi rivasi. Nilichokitaka kwa leo ni kimoja, ujue kabla hujavuka feri kwenda ng'ambo kwamba nyuma yako ni safi. Siku utakapogusa kitu, na utagusa, kila dereva hugusa, nenda kwa mwenye gari siku ile ile, chokaa ikiwa bado mbichi, umwambie, "Nimegusa." Akikufoka, atafoka mara moja. Mimi nimejifokea miaka mitatu kwa sauti ya chini, na inachosha zaidi.

Nasikia achari imeshinda, imeingia sandukuni. Nilijua. Mama yako hajawahi kushindwa humu ndani ila na bibi yako.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako nikienda kuswali magharibi. Soma, na usinijibu. Tutakula pamoja kama kawaida, tuzungumze mambo ya kipuuzi. Kesho saa mbili asubuhi ni safari. Salimu nimeshamwambia awe tayari na gari lake, na ukitaka akupeleke yeye mpaka kivukoni Likoni, nitakubebea mabegi mpaka kwake na sitanuna. Nitakuelewa, wallahi.

Lakini ukitaka twende sote, gari nimeliingiza uani pua mbele, na hakuna njia ya kulitoa ila kurudi nyuma mpaka barabarani, kati ya mgomba na tangi la maji la jirani. Litoe wewe. Sitasimama nyuma kukuita, wala sitageuza shingo. Utanikuta kwenye kiti cha abiria, mkanda nimefunga, natazama mbele.

Baba yako.